Vifaa laini vya kielektroniki kwa kibofu kilichokatiwa mawasiliano na ubongo: kipi kimefikiwa, kipi bado

Mwanzisha uzi

Habari za wakati huu wanajukwaa.

Ninafanya kazi ya fiziotherapia na watu walioumia uti wa mgongo: walioanguka kutoka kwenye minazi na miembe, waliopata ajali za bodaboda, na wachache waliozaliwa na mgongo wazi. Ndugu wa mgonjwa mpya huanza kwa kuuliza kama atatembea tena. Wiki zikishapita, na mashuka yameshabadilishwa usiku mara nyingi, swali hugeuka na kuwa la mkojo. Mgonjwa mwenyewe huwa amefika huko mapema kuliko ndugu zake. Mwaka 2004 ulichapishwa Marekani utafiti uliowauliza watu 681 waliopooza ni kipi kingebadilisha maisha yao zaidi kikirudi, na kibofu na haja kubwa vilikuwa miongoni mwa mambo ambayo waliopooza miguu na waliopooza viungo vyote vinne waliyapa uzito wa juu. Kwa tunaowahudumia, jibu hilo halikushangaza hata kidogo.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu habari za «mkanda wa umeme unaorudisha kibofu» zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na familia zinaniuliza waanze kuchangisha shilingi ngapi. Vifaa hivyo vipo kweli na vimetengenezwa na watu makini. Hata hivyo, mafanikio yake makubwa hadi sasa ni kurudisha taarifa, yaani kumjulisha mtu kwamba kibofu kimejaa. Kukimwaga kibofu hicho kwa usalama ni kazi nyingine, na ni ngumu zaidi. Asiyezitenganisha kazi hizi mbili atauziwa matumaini yasiyokuwepo, au atadharau jambo ambalo kwa kweli lina thamani kubwa.

Tuanze na kibofu chenyewe. Kibofu cha mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 500. Kinapojaa, ukuta wake hunyooka, na neva zinazotoka kwenye eneo la sakramu (sehemu ya chini kabisa ya uti), kati ya viwango vya S2 na S4, hupeleka habari juu kupitia uti wa mgongo hadi kwenye shina la ubongo. Huko ndiko kuna kituo kinachopanga kazi mbili zifanyike kwa pamoja: msuli wa kibofu ujikaze, na msuli unaobana njia ya mkojo ulegee. Uti ukiumia juu ya sakramu, kibofu hulala kimya kwa wiki kadhaa, kisha huamka na kuanza kujikaza chenyewe bila amri. Tatizo ni kwamba yule mpangaji wa juu hasikiki tena, kwa hiyo mara nyingi kibofu hujikaza wakati ule ule ambao mlango wake nao unajikaza. Mkojo husukumwa ukiwa umefungiwa, mgandamizo hupanda, na mzigo huo huelemea figo.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kipaumbele bila kujua. Wanahangaika na nguo kulowa, na ni haki yao, kwa maana aibu hiyo inaumiza. Lakini kinachoua ni mgandamizo. Mwaka 1981 Edward McGuire na wenzake walionyesha, kwa watoto wenye mgongo wazi, kwamba kibofu ambacho hakivuji mpaka mgandamizo ufikie sentimita 40 za maji au zaidi huelekea kuharibu njia za juu za mkojo. Kuna mgonjwa mkavu ambaye figo zake ziko hatarini kuliko za mwenzake anayelowa kila saa. Kabla ya katikati ya karne iliyopita, kushindwa kwa figo ndiko kulikokuwa kukiwaua wengi wa waliopooza.

Sasa vifaa. Januari 2019, jarida la Nature lilichapisha kazi ya kundi la Robert Gereau wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, pamoja na John Rogers wa Northwestern na wenzao. Walitengeneza ukanda mwembamba unaovutika na kuuzungusha kwenye kibofu cha panya. Kibofu kikijaa, ukanda hunyooka na ukinzani wake wa umeme hubadilika. Kikimwagika, ukanda hurudi. Taarifa hupita kwenye kidude kilichowekwa chini ya ngozi, husafiri kwa Bluetooth, na programu iliyo nje hupima panya anakojoa mara ngapi. Ikiona anakojoa kupita kiasi, huwasha taa ndogo sana zilizomo ndani ya kifaa. Taa hizo hutuliza neva za hisia za kibofu, kwa sababu neva zenyewe zilikuwa zimepandikizwa, kwa kutumia virusi, jeni inayozifanya ziitikie mwanga. Kibofu kikitulia, taa huzimika. Hakuna anayebonyeza kitufe. Mzunguko mzima unajiendesha.

Naomba hapo tusome kwa uangalifu. Panya wale walikuwa wamesababishiwa uvimbe wa kibofu kwa dawa. Hawakuwa wamekatika uti wa mgongo. Kibofu chao hubeba takriban mililita moja. Na njia ile inahitaji tiba ya jeni, ambayo kwa kibofu cha binadamu si huduma ya hospitali.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya Machi 2024, pia ya Northwestern, iliyoongozwa na Guillermo Ameer na Rogers na kuchapishwa katika jarida la PNAS. Kipandikizi chao ni laini, hakina betri, kinashikizwa kwenye ukuta wa kibofu, na hutuma kwenye simu janja habari za kujaa na kumwagika papo hapo. Kwa wanyama wadogo kilifanya kazi siku 30, na kwa nyani wiki 8. Hakikojozi. Kinasema tu. Lakini mtu asiyehisi chochote chini ya kitovu, akiwa kwenye daladala, akiangalia simu yake na kujua kwamba ana nafasi ya saa moja zaidi, huyo amerudishiwa kitu ambacho hakuna dawa yetu inayokirudisha leo.

Karibuni tujadili. Mwenye swali la mgonjwa wake aulize, ila asitaje majina.

Kaka wa mgonjwa

Shukrani sana daktari kwa somo hili. Mdogo wangu alianguka kutoka kwenye mnazi, mikono yake ni mizima kabisa ila kuanzia kiunoni hana hisia. Tangu atoke hospitali amekaa na mpira wa mkojo wa kudumu, na bado anavuja pembeni ya mpira. Kuna mtu ametuandikia mtandaoni kwamba anauza mkanda wa umeme wa kuvaa tumboni ambao «unafufua neva», na anataka malipo nusu kabla. Je, ni huu uliouelezea? Na kama si huu, tuweke akiba kwa ajili ya ule wa kweli?

Mwanzisha uzi

Pole sana ndugu yangu, na mpe pole mgonjwa. Mkanda wa kuvaa tumboni kwa nje si huu. Huu ninaouzungumzia huwekwa kwa upasuaji kwenye kibofu chenyewe, na matokeo niliyoyaeleza ni ya wanyama. Hauuzwi popote. Anayekwambia anafufua neva za uti uliokatika kwa mkanda wa tumboni anakudanganya, hivyo msimpe hata senti.

Fedha mliyonayo itafanya kazi kubwa zaidi mahali pengine. Kwanza, altrasaundi ya figo na kibofu, pamoja na kipimo cha damu cha kazi ya figo, na virudiwe kila mwaka hata kama anajisikia vizuri. Pili, kuvuja pembeni ya mpira mara nyingi ni dalili kwamba mpira umeziba au kibofu kinajikaza kwa nguvu. Kubadilisha mpira na kuweka mkubwa zaidi si jibu, na kunaweza kuumiza njia ya mkojo. Kuna dawa za kutuliza msuli wa kibofu, kwa mfano oxybutynin, na kuna sindano ya sumu ya botulinamu ndani ya ukuta wa kibofu, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2011 kwa watu wa aina yake. Tatu, kwa kuwa mikono yake ni mizima, muulizeni daktari wa mkojo kama anaweza kuachana na mpira wa kudumu na kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira wa muda.

Muuguzi mstaafu

Nakazia hilo la mwisho, maana nililifundisha kwa miaka mingi na nimeona watu wakirudi kazini kwa sababu yake.

Mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan alitoa hoja ambayo wengi waliipinga: kwamba mtu anaweza kujitoa mkojo kwa mpira safi ulioshwa, pasipo kuutakasa kama wa chumba cha upasuaji, na asiharibikiwe. Alieleza kwamba chanzo kikuu cha maambukizi ni kibofu kuachwa kijae na kutanuka mpaka damu ishindwe kupita vizuri kwenye ukuta wake. Kwa maneno mengine, kuchelewa ni kubaya kuliko kukosa glavu tasa. Maisha ya waliopooza yalibadilika kwa hoja hiyo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mgonjwa ananawa mikono kwa sabuni, anajisafisha, anapaka jeli ya kulainisha, anaingiza mpira taratibu mpaka mkojo uanze kutoka, kisha anausogeza ndani kidogo zaidi. Mkojo ukiisha anautoa polepole, na ukianza kutiririka tena njiani anasimama hapo mpaka uishe. Anafanya hivyo kila baada ya saa 4 hadi 6. Anapima kwenye kopo lenye alama na kuandika daftarini: saa kumi na mbili asubuhi 450, saa nne na nusu 380, saa tisa alasiri 520. Hiyo 520 inamwambia kwamba alikunywa maji mengi mchana, na kesho yake atajirekebisha. Daftari hilo, ndugu zangu, ndilo kihisi tulicho nacho leo.

Jambo jingine la hatari ambalo sijaona limetajwa. Aliyeumia kwenye kiwango cha T6 (uti wa usawa wa kifua) au juu yake, kibofu kikijaa kupita kiasi au mpira ukiziba, anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla: kichwa kinamgonga, uso na shingo vinatoka jasho na kuwa vyekundu, mapigo ya moyo yanapungua. Mkalisheni wima mara moja, legezeni nguo zote zinazobana, angalieni kama mpira umejikunja au umeziba, na mtoeni mkojo. Msipoona nafuu haraka, kimbieni hospitali. Shinikizo hilo linaweza kupasua mshipa wa damu kwenye ubongo.

Fundi wa vifaa tiba

Asante muuguzi, umenipa pa kuanzia, kwa sababu kilichozuia kibofu kisiwe na kihisi chake zamani hizo ni ugumu wa vifaa vyenyewe.

Chipu za kawaida hutengenezwa kwa silicon ngumu ya fuwele, ambayo ugumu wake ni maelfu kwa maelfu ya ule wa nyama laini ya mwili. Moyo unaweza kusaidiwa na kisanduku kigumu chenye betri, kile cha kuongoza mapigo, kwa sababu kisanduku chenyewe huwekwa kifuani chini ya ngozi, na waya tu ndio unaofika moyoni. Kibofu hakina huruma hiyo. Kinatanuka kutoka karibu mfuko mtupu hadi nusu lita, kinarudi, kisha kinaanza tena, mara kadhaa kwa siku, miaka yote. Chochote kigumu ukikishona pale, ama kitang'oka, ama kitakata ukuta, ama mwili utakizungushia kovu nene mpaka kisipime kitu.

Dawa yake imekuwa kuacha kuufanya umeme uwe kitu kigumu. Waya wa chuma huchorwa mwembamba sana na kupindwapindwa kama njia ya nyoka, kisha hulazwa ndani ya mpira laini wa silikoni (silicone, kitu tofauti na silicon ya chipu). Ukivutwa, mipindo hunyooka na chuma chenyewe hakivutwi. Huko Lausanne, Uswisi, kundi la Stéphanie Lacour lilionyesha mwaka 2015, katika jarida la Science, utando wa silikoni wenye nyuzi za dhahabu uliowekwa juu ya uti wa mgongo wa panya bila kuuminya, na panya wakaendelea kutembea wakati wenzao waliowekewa utando mgumu zaidi walipata madhara. Kwangu mimi, hicho ndicho kipimo kilichothibitisha kwamba ulaini ni sehemu ya tiba yenyewe, wala haukuwa pambo.

Kinachobaki kigumu ni maji. Mwili ni maji ya chumvi, na mpira laini hupitisha unyevu kidogo kidogo. Kifaa cha panya kinahitaji kuishi miezi. Cha binadamu wa miaka 25 kinahitaji kuishi miongo. Unyevu ukifika kwenye kiungo kimoja cha waya, kipimo kinaanza kudanganya, na kifaa kinachodanganya kwamba kibofu kiko tupu ni hatari kuliko kukosa kifaa. Ndiyo maana sishangai wala sikasiriki nikiona majaribio yanakwenda polepole.

Mwanafunzi wa udaktari

Naomba kuuliza wakubwa. Kama kihisi kinajua kibofu kimejaa, na umeme unaweza kuamsha neva, kwa nini visiunganishwe tu? Kihisi kiseme, umeme ukamue, mkojo utoke.

Mwanzisha uzi

Swali zuri sana mdogo wangu, na jibu lake ndilo moyo wa uzi huu.

Kukamua kwa umeme ni jambo la zamani kuliko vihisi laini. Giles Brindley, huko London, aliwapandikizia watu waliopooza elektrodi (vipande vya kupitisha umeme) kwenye mizizi ya mbele ya neva za sakramu tangu miaka ya 1970, na tangu hapo zaidi ya watu 2,000 wamewekewa kifaa chake. Ndani hakina betri. Mgonjwa huweka kisambaza mawimbi juu ya ngozi na kuwasha. Lakini kumbuka mlango. Umeme uleule unaokaza kibofu hukaza pia msuli wa kubana njia ya mkojo. Brindley aliutatua mgogoro huo kwa kutumia tofauti ya kasi ya misuli: ule wa mlango ni wa haraka kujikaza na wa haraka kulegea, ule wa kibofu ni mzito pande zote mbili. Alipeleka umeme kwa mafungu yenye mapumziko. Kila pumziko mlango hulegea mara moja, kibofu bado kimejikaza, na mkojo hutoka kwa mikupuo. Sijui kama kuna mahali pengine katika fani yetu ambapo udhaifu wa msuli mmoja umetumiwa kwa akili namna hiyo.

Gharama yake, hata hivyo, ilikuwa kubwa. Ili kibofu kisijikaze chenyewe kati ya zamu na zamu, mizizi ya nyuma, inayobeba hisia, ilikatwa. Mwanamume hupoteza kusimama kwa uume kunakotokana na kuguswa, na mwenye hisia zilizosalia huzipoteza kabisa. Vijana wengi walikataa, na ninawaelewa.

Ndiyo sababu kazi ya Daniel Chew na wenzake wa Cambridge, ya mwaka 2013, ilinivutia. Kwa panya, mizizi ile ya hisia haikukatwa. Waliigawa nyuzi na kuzipitisha kwenye vijifereji vidogo vyenye elektrodi, zikawa zinasema kibofu kimejaa, huku upande wa pili umeme ukikimwaga. Na mwaka 2020, kundi la Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore liliunganisha kihisi laini na kishikizo cha waya wa aloi inayokumbuka umbo lake, kinachokiminya kibofu cha panya kwa nje bila kuzigusa neva. Kwa hiyo muungano unaoupendekeza unajaribiwa. Kikwazo ni mlango, ni joto la waya karibu na nyama, na ni ukubwa wa kibofu cha binadamu ukilinganisha na cha panya.

Kwa walioumia nusu, ambao njia za neva hazijakatika zote, kuna kipandikizi cha kusisimua neva za sakramu kilichotokana na kazi ya Emil Tanagho na Richard Schmidt huko San Francisco, na Marekani ilikiidhinisha mwaka 1997 kwa tatizo la kubanwa na mkojo ghafla na kuvuja. Aliyekatika kabisa huwa hakimsaidii.

Mama mlezi

Mimi ni mama wa binti wa miaka tisa aliyezaliwa na mgongo wazi. Nimesoma kila neno. Je, hakuna kifaa cha nje, kisicho na upasuaji, cha kuniambia kibofu chake kimejaa akiwa shuleni? Na mpira tunaotumia umeanza kumletea vipele na macho kuwasha, je, ni maambukizi?

Mwanzisha uzi

Hongera mama kwa malezi, miaka tisa ya kazi hii si mchezo.

Kifaa cha nje kipo. Kampuni moja ya Kijapani inatengeneza kidude kiitwacho DFree, kinachobandikwa chini ya kitovu, kinachopima kwa altrasaundi ukubwa wa kibofu na kutuma taarifa kwenye simu. Uelewe tu kwamba kinapima ujazo, hakipimi mgandamizo, na kwa mtoto wako mgandamizo ndio tunaouogopa zaidi. Huko Cleveland, Marekani, walifanyia majaribio kwa binadamu kidude laini kiitwacho UroMonitor, kinachoingizwa kupitia njia ya mkojo bila upasuaji na kupima mgandamizo wakati mtu anaendelea na shughuli zake, kisha kinatolewa. Hicho ni cha uchunguzi, si cha kukaa nacho. Kwa shule, panga na mwalimu saa maalumu za kwenda chooni na mpira wake, apewe faragha na sabuni.

Kuhusu vipele na macho kuwasha, achana na mpira huo leo, kabla ya kufikiria maambukizi. Watoto wenye mgongo wazi hupata mzio wa lateksi (mpira wa asili) kwa wingi kuliko watoto wengine, kwa sababu hugusana nayo tangu upasuaji wa kwanza, na mzio huo unaweza kuzidi mpaka pumzi ikabana. Omba mipira ya silikoni au ya plastiki isiyo na lateksi. Akibanwa pumzi au akivimba midomo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Na kwenye faili lake la kliniki pamoja na daftari la shule iandikwe kwa herufi kubwa kwamba ana mzio wa lateksi, muuguzi na daktari wa meno waambiwe wavae glavu nyingine, na puto za sherehe za darasani ziwekwe mbali naye.